Diski ya Harusi ya Noof

Safwan mwanangu,

Nnakwenda Sib kumtuliza dada yako Noof. Wali uko jikoni, mpashie Bibi.

Diski nimeichomoa kwenye rauta. ~~Usiiguse tena.~~ Soma kwanza.

Najua uliichomeka kwa mapenzi, ili Bibi atizame picha kwenye tivii ya chumbani kwake. Lakini rauta inapeleka kwenye kila tivii ya nyumba hii, mpaka ya majlis, wanapokaa wanaume! Asubuhi ami zako wanakunywa kahawa, Ami Ghanim akitafuta habari kabonyeza sipo, ikatoka harusi ya Noof, upande wa wanawake, vichwa wazi, wanacheza. Maskini, kavua kilemba chake akaifunika tivii. Noof kusikia, kilio.

Hukukusudia. Mpigie umwombe radhi, atakusamehe.

Folda la harusi lihamishe zima kwenye flashi, bila ya kulifungua. Diski, na picha nyengine zilobaki, irudishe kwenye rauta.

Kisha flashi ichomeke kwenye tivii ya Bibi, utoke, ufunge mlango. Naye yumo kwenye picha hizo za harusi anacheza, kabla hajaanguka akawa wa kiti cha magurudumu. Jana kajitizama weee, akanambia, "Kumbe nlimshinda bibi harusi."

Mamako