Alternateur Haijafa

Jumatatu, 8 Aprili

Asubuhi kama kawaida. Nimeachia breki, gari limeteremka hadi kwa jirani, nimetia gia ya pili, likawaka. Kilima chetu ndicho kinachotuwashia magari. Mtaa mzima tunaegesha kichwa kikitazama chini, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Jioni nikalipa mazoea hayo. Mbele ya ofisi ni tambarare. Nimegeuza ufunguo: tak, tak, kimya. Wenzangu wamesukuma huku wakicheka. Sikucheka. Njia nzima taa nyekundu ya betri ilikuwa inawaka kidogo, na nilipowasha taa za mbele ikazidi.

Neema yuko kwangu tangu wiki iliyopita. Mdogo wangu, mimi ndiye Yaya wake, dada mkubwa; mimba imetimia. Mume wake anafundisha shule kule Sange. Ni huko mtoto wao wa kwanza alifia tumboni, mwaka juzi, wakingoja gari na mvua inanyesha. Walimpasua Neema ili kumwokoa. Safari hii daktari amesema wazi: uchungu ukianza tu, aletwe hospitali, asingoje hata kidogo.

Kaja Bukavu kwa sababu mimi nina gari. Ndiyo sababu yote. Kilima kinaweza kuliwasha, lakini hakiwezi kulizuia lisizimike kwenye foleni, mvuani, taa na vifuta-kioo vyote vikila betri.

Naogopa. Naandika hapa ili nisiseme mbele yake.

Jumanne, 9 Aprili

Maître Bahati amekuja. Ni fundi wetu wa Nguba, anatutengenezea gari hili tangu tulinunue. Kipimo chake ni kile cha mafundi wote hapa: moteri ikiwa inawaka, unachomoa waya mmoja wa betri. Gari likiendelea, alternateur, ile inayoichaji betri gari likitembea, ni nzima. Likizimika, basi.

Limezimika.

Akajifuta mikono taratibu, kama mtu aliyeleta habari za msiba. "Maman, iyi alternateur ilishakufa. Tuitoshe leo, niipeleke kwa mwenye anabobina. Siku tatu, ine hivi."

Siku tatu, nne, gari limekaa uani tumbo wazi, eti alternateur inasukwa waya upya! Nimekataa. Akasema sawa maman, ni gari yako, akaondoka bila kunywa chai. Amekasirika. Na mimi pia.

Mikono yake naiamini. Kipimo kile sikiamini. Mgonjwa akianguka umeona kwamba ameanguka, hujaona ugonjwa.

Jumatano, 10 Aprili

Nimempigia Pascal, mume wangu. Yuko Shabunda kwa kazi. Hakuna réseau. Shabunda ni Shabunda.

Nimetafuta mwenyewe kile kipimo cha umeme alichonunua tulipoweka panneau ya jua juu ya nyumba. Multimetri. Nilikuwa sijawahi kukishika. Nimesoma karatasi yake mara mbili, nikafungua kapo, kifuniko cha moteri, nikagusa betri, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Moteri imezimwa: volti 12.1. Moteri inawaka: 12.3. Karatasi inasema inapaswa kufika 14 na zaidi.

Kumbe Maître alisema kweli.

Nimekaa ndani ya gari, simu mkononi, nimwite aje aing'oe. Neema akaniletea chai palepale. Akaegemea mlango na tumbo lake, akatazama barabara inayoteremka hospitali. Najua anachowaza: gari likifunguliwa leo, mtoto akija kesho.

Sikumpigia Maître. Kesho napima tena.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimeliweka gari chini ya bati, maji yakinimwagikia mgongoni.

Nimewaza hivi: jana nilipima betri. Maître alichomoa waya wa betri. Wote wawili tumeishika betri. Alternateur yenyewe hakuna aliyeiuliza.

Basi leo nimeiuliza. Moteri inawaka, ncha moja ya kipimo kwenye skrubu yake ya nyuma, pale waya mnene unapotokea, ncha nyingine kwenye chuma cha moteri. 14.4. Nikatoa, nikarudisha. 14.4! Nimepiga kelele hadi jirani akatoka kuuliza nani amefariki.

Hakuna aliyefariki. Jiko linapika vizuri, ila chakula hakifiki mezani. Kati ya alternateur na betri kuna mahali kinapotelea.

Lakini ule waya unapita chini kabisa, nyuma ya vyuma, na mimi sijui kulifungua gari bila kuliua. Mficha uchi hazai. Nimempigia Maître Bahati, nimemsomea namba zangu. Alizirudia moja moja kwa sauti kavu, nikajua hasira bado ipo. Kisha akasema, "Niko nakuya kesho asubui, maman."

Ijumaa, 12 Aprili

Amekuja kabla sijavaa viatu. Amepima mwenyewe, pande zote mbili. Halafu akalala chini, akaufuata waya kwa vidole. Mimi nilishika tochi.

Chini ya kile kibao kinachokaliwa na betri akavuta mkono ghafla. Moto. Mviringo wa skochi nyeusi, ule utepe wa kufungia nyaya, mkubwa kama yai. Akaikata. Ndani, waya mnene umekatwa, na katikati wameunga kipande cha waya mwembamba wa nyumbani, kwa domino, vile viungo vya plastiki vya kuungia balbu. Plastiki imeyeyuka nusu. Shaba imekuwa kijani.

Pascal!

Nimekumbuka mara moja. Kabla ya panneau, courant ikikatika kila jioni, Pascal aliunga betri ya pili ijichaji gari likitembea. Jioni anaibeba ndani, tunawasha taa na televisheni. Nusu ya mtaa walifanya vilevile. Panneau ikaja, betri ya pili ikaondoka, kiungo kikabaki. Tangu hapo umeme wote wa gari unapita kwenye uzi wa balbu. Na Maître alipochomoa betri, moteri ilizimika kwa njaa. Haikuwa kosa la alternateur.

Nimemtukana mume wangu kimoyomoyo, kwa upendo na bila upendo. Maître amecheka, mara ya kwanza wiki hii. "Njo wanaume ya Bukavu, maman. Ata mimi yangu nilifanya ivi."

Ameweka waya mpya mnene, mzima toka mwanzo hadi mwisho. Kwenye betri sasa: 14.2. Taa nyekundu imezimika. Betri yangu ameichukua aende kuichaji vizuri, na ya gari lake ameniachia, ili nisibaki bila kitu. Mwenyewe ameteremka Nguba kwa miguu. Safari hii chai alikunywa.

Jumamosi, 13 Aprili

Betri yangu imerudi. Nimegeuza gari. Kichwa juu, mgongo bondeni. Sitaki tena kubebwa na kilima.

Majirani wamefurahi sana. "Maman, gari yako imepotea njia?" Waache waseme. Nimewasha, nimezima, nimewasha, hadi Neema akaniita dirishani kuniuliza kwa nini ninalitesa.

Nimepima mara ya mwisho na taa zote zinawaka. Haishuki. Nimelala mchana, usingizi wa kweli.

Jumapili, 14 Aprili

Tulikuwa tunajiandaa kwenda Misa. Neema akasimama mlangoni na kapu lake. "Yaya, njo inaanza." Uchungu.

Ufunguo. Likawaka.

Mvua kubwa. Taa, vifuta-kioo, vyote. Chini ya kilima lori limekwama kwenye matope, foleni haisogei, Neema nyuma anauma kitambaa. Macho yangu kwenye ile taa nyekundu. Haikuwaka. Nilikuwa nalisemesha gari kama mwehu. Lori likatoka, tukapita.

Hospitalini walimchukua moja kwa moja. Nikamfuata mbio. Gari nimeliacha linanguruma, mlango wazi, ufunguo ndani. Niliporudi mlinzi alikuwa amesimama kando yake na mwavuli, amenuna. Alinisema sana. Nilimkumbatia.

Mtoto wa kike. Wamempasua Neema kwa wakati. Mama mzima, mtoto mzima. Wote wawili. Naandika tena: wote wawili.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimewarudisha nyumbani. Nimeendesha polepole hata watembea kwa miguu wametupita.

Tumeingia uani. Jua kidogo. Neema nyuma na mtoto kifuani, mimi mikono kwenye usukani, moteri inazunguka. Hakuna aliyefungua mlango. Sijui tulikaa muda gani.

"Yaya, zimisha. Tulishafika."

Nimezima. Ndipo nikamsikia mtoto anavyopumua.