Aliyeniita Kuku

Muleba, Jumamosi usiku

Sijamwambia mtu yeyote kwamba niliitika.

Leo mdogo wangu Teo ametamka neno lake la kwanza. Alitaka kusema Koku, jina langu, ikatoka "Kuku!" Baba alicheka mpaka machozi. "Haya, Kuku, tukirudi Bukoba nitakujengea banda!"

Mimi sikucheka. Jana, kwenye kibanja cha Bibi, sauti hiyohiyo iliniita "Kuku" kutoka nyuma ya mibuni, na Teo alikuwa amelala mgongoni kwa Mama. Bibi alishatuonya tusiitike kabla ya kumwona anayeita. Lakini mazoea ya shule, ukisikia jina unajibu. Nikasema, "Abee."

Nyayo ndogo zinakuja mlangoni. Naficha ukurasa huu chini ya mkeka. Teo bado anatambaa.