Kichupa cha saba

Shoga, usinipigie. Nimejifungia chooni kazini.

Si unajua tunachunguza viinitete vya panya, vile vijusi vichanga kabisa? Hivi vya leo, seli zake zimekosa kipokezi kimoja tu. Bosi alikuwa anawaeleza wageni: "Molekuli za ishara zipo tele. Zinaagiza moyo ujikunje hapa, mguu uchipue pale. Ila seli hazina pa kuzipokelea." Yaani vinaitwa, vinaitwa, havisikii. Vinaishia hapo hapo.

Cha saba moyo wake ulikuwa bado unadunda kwenye kisahani. Kitu kizima hakifiki hata punje ya mchele! Nikakitazama mpaka kikanyamaza. Nikakitia kwenye kichupa, nikaandika lebo.

Shoga, sikuandika namba.

Niliandika lile jina. LILE. Tunalolijua mimi na wewe tu, tangu daktari aniambie mimba imeacha kukua. Hata mume wangu sijamtajia.

Haki ya Mungu sikujua nimeandika nini. Nimejua pale bosi alipoinua kichupa kwenye mwanga, akasoma kwa sauti mbele ya watu wote.

Akadhani ni jina la mwanafunzi wa maabara, kasahau kichupa chake! Basi akaita. Jina lenyewe, shoga, kwa mara ya kwanza nalisikia kwenye kinywa cha mtu. Akaita tena, anaangalia mlangoni.

Wote wakageuka kuangalia mlango.

Na mimi nikageuka. Nikangoja.