Nyuzi za Gitaa la Wekesa

Jumatatu, 24 Novemba 2008

Sketi za uniform tangu asubuhi. Bluu, bluu, bluu. Macho yanauma. Cherehani imeanza tena kukata uzi. Nimeitukana, kisha nikaitia mafuta.

Binti yangu Nafula amefunga shule. Kutwa nzima amejifungia chumbani kwa kaka yake na lile gitaa la umeme. Wekesa alilinunua mtumba Desemba iliyopita, akaanza kujifunza, na Januari akafa. Nyuzi zimeshika kutu.

Anataka kupiga wimbo mmoja siku ya kumbukumbu, baada ya Krismasi. Ule wa kanisani ambao Wekesa alikuwa akijifunza. Nimekubali kabla ya kufikiri. Mwanangu tulimzika mbiombio, watu wachache, barabara zimefungwa kwa ghasia za uchaguzi, hakuna aliyeimba. Mwaka mzima jambo hilo limenikaa kooni. Safari hii lazima awe na muziki.

Alhamisi, 27 Novemba

Vidole vya Nafula vimechubuka. Nyuzi zimekaa juu mno, mbali na shingo ya gitaa, na kuzikandamiza ni kazi ya mwanamume. Hata sauti haziko sawa. Mimi ni fundi nguo, sijui lolote.

Anayejua ni Kiprono, aliyemfundisha Wekesa. Hajakanyaga hapa tangu msiba. Wengi wa kabila lake hawajakanyaga hapa, na mimi sijakanyaga kwao. Tukikutana sokoni tunasalimiana kwa kidevu. Nimemwambia Nafula ampigie simu.

Jumamosi, 29 Novemba

Amekuja. Siku hizi anapikia wanariadha kwenye kambi huko Kaptagat. Amekonda, kwa mpishi ni aibu. Nilimtania hivyo, hakucheka. Chai hakugusa.

Akasema gitaa halijawahi kutengenezwa tangu litoke kiwandani, ndiyo maana linamtesa anayeanza. Akatoa nyuzi zote kuukuu. Akaingiza spana ndogo kichwani mwa gitaa, akakaza chuma kilicho ndani ya shingo, akafunga jicho moja na kuiangalia kama mimi ninavyoangalia pindo. Kisha akaweka spana chini.

"Mum, lazima nikwambie. Ile siku nilikuwa kwa barabara. Yale mawe ya roadblock, hata mimi nilibeba."

Mawe yale. Wekesa alipigwa risasi karibu na maduka. Jirani akamtia kwenye gari kumkimbiza hospitali. Wakafika kwenye mawe, wakarudishwa. Alikufa wakitafuta njia nyingine.

Anasema saa hiyo alikuwa amesharudi nyumbani, hakujua. Namwamini. Haijanisaidia kitu. Nilimwambia atoke. Akatoka. Gitaa limebaki mezani bila uzi hata mmoja.

Jumapili, 30 Novemba

Sikuenda kanisani. Namchukia.

Jumatano, 3 Desemba

Nafula anauliza kwa nini Kiprono harudi. Nimesema ana kazi nyingi.

Nimeenda mjini kununua nyuzi mwenyewe. Mwenye duka akauliza za gitaa gani. Nikasema la kanisa. Akaniwekea pakiti kibao, nikachagua nene kuliko zote, za manjano, zinang'aa. Uzi mwembamba ni wa kitambaa chepesi. Mimi nataka kitu cha kudumu. Muuzaji alitaka kusema neno, nikamkata. Nimeshona miaka mingi, hakuna wa kunifundisha uzi.

Tumezifunga mimi na Nafula. Mmoja umenichapa shavuni.

Jumamosi, 6 Desemba

Vijana wa kanisa wametuazima amplifaya. Aibu tupu. Nyuzi mbili nyembamba zinapiga kelele, zile nne nene zinanong'ona. Nimeongeza sauti, nimetikisa waya, nimepiga spika kofi. Wapi. Nazo nzito zimevuta shingo mpaka imepinda, sasa ziko juu kuliko mwanzo. Kidole cha Nafula kimetoa damu. Amelia, akasema si nimwite tu Kiprono.

Jumanne, 9 Desemba

Nimemwambia Nafula ukweli, mawe na yote. Kwanza alilia. Baadaye, akiosha vyombo, akaniambia bila kunitazama, "Wekesa angemwita."

Nilimkasirikia jioni yote. Nimekasirika kwa sababu ni kweli. Wekesa hakuwahi kuweka kinyongo hata na kuku.

Jumatatu, 15 Desemba

Mficha uchi hazai. Nimeenda Kaptagat.

Ukungu msituni, baridi ya kukata masikio. Nimemkuta nyuma ya jiko la kambi akikata kabeji. Alisimama na kisu mkononi, hakujua akiweke wapi. Maneno niliyoyapanga njia nzima yalinitoroka. Nikasema gitaa halitoi sauti. Basi.

Akauliza nimeweka nyuzi gani. Nikasema nene, za manjano. Akafunika mdomo. Nusura acheke, na mimi nusura nicheke, kisha tukakumbuka.

Kumbe zile ni za gitaa la kawaida, la mbao tupu. Gitaa la umeme halisikii mbao, linasikia chuma, kwa sumaku zilizo chini ya nyuzi. Manjano yale ni shaba, na sumaku haina habari na shaba. Na anayeanza apewe nyembamba, vidole vizoee kwanza. Nilimwambia aje Jumamosi. Sikumwambia nimemsamehe. Sijamsamehe.

Jumamosi, 20 Desemba

Amekuja na nyuzi za chuma, nyembamba kama uzi wa kudarizi. Nilitaka kubisha, nikajiuma ulimi.

Amelegeza, amekaza, ameshusha vile vyuma vidogo vinavyobeba nyuzi, kimoja kimoja, akisikiliza. Uzi ukigonga shingoni anaupandisha kidogo. Nafula akapiga. Zote sita zikalia, na hakuuma midomo. Nilikimbilia jikoni nikalilia juu ya sufuria ya maharagwe.

Mchana shemeji yangu Barasa, mdogo wa marehemu mume wangu, akapiga simu. Anakuja siku ya kumbukumbu na watu wa nyumbani, lori zima. Akasema hataki kuona mtu wa kabila lile kwenye boma letu siku hiyo. Nilipaswa kumjibu. Nikasema sawa, shem.

Nikamwambia Kiprono Jumamosi ijayo aje mapema, nyuzi mpya hulegea, azikaze tena, kisha aondoke kabla ya wageni. Akasema, "Sawa, Mum." Heri angenitukana.

Jumamosi, 27 Desemba

Nimechoka. Niandike upesi.

Alikuja, akakaza, akaondoka. Kwetu mtu akifanya kazi kwenye boma la msiba haondoki bila kula, ni kumdharau marehemu. Aliondoka tumbo tupu. Chakula kilikuwa bado motoni, na sikumwambia asubiri. Niliogopa lori.

Nafula alipiga. Alikosea katikati, akarudia, akamaliza. Kina mama waliimba, na kilio ambacho hakikutoka Januari kikatoka leo. Mwanangu ameimbiwa. Hilo nimelipata.

Mchungaji akawaita marafiki wa marehemu wasimame, kila mmoja aseme alivyomjua. Walisimama wa shule, wa mpira, wa kwaya. Wa gitaa hakuwepo.

Barasa alilisifu gitaa. Akauliza limetengenezwa na nani, hata yeye ana la kijana wake limeharibika. Watu wote wananitazama. Nikasema, "Kuna fundi mmoja huko mjini." Nafula aliinua macho, akaniangalia, akayateremsha. Hajaongea na mimi tangu hapo.

Jumapili, 28 Desemba

Wageni wameondoka. Nimefagia.

Nimechinja kuku, nikapika, nikafunika pamoja na ugali, nikaenda kwa kina Kiprono. Ni hapa hapa Kimumu, nyuma ya shule. Sijakaa kwenye nyumba ile tangu kabla ya uchaguzi. Yeye amesharudi kambini. Mama yake aliponiona mlangoni alishtuka, akafuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

Nikamwambia chakula ni cha Kiprono, alikiacha kwangu jana. Nikamwambia gitaa lililia vizuri, na mikono iliyolitengeneza ni ya mwanawe.

Akaniuliza, polepole, "Ulisema hivyo mbele ya watu wako?"

Nikasema hapana.

Aliinuka. Kisha akaniwekea chai. Nilikunywa yote. Sukari ilikuwa nyingi mno, sikusema kitu.