Sofa za Mulwa Zimefika Lindi

Kawangware 46, Nairobi

Mama Mwende,

Naomba barua hii ikukute umeketi kivulini, goti limepunguza kukusumbua na mbuzi wako wote wamerudi zizini. Mimi ni mzima, ila moyo wangu siku hizi hauna adabu, na ni wewe tu ninayeweza kukuambia.

Uliuliza kama nitafunga karakana nirudi Kitui. Nilikaribia. Tangu tulipochomewa nyumba kule Lindi, Kibera, baada ya uchaguzi, wateja wangu wa huko hawajui niliko, na huku hakuna anayenijua. Kurudi kuwatafuta naogopa.

Sasa sikia. Mulwa, ambaye ni mimi niliyemfundisha kushika randa, ana karakana uchochoro wa nyuma. Alimwita Njeri, mama anayepiga video za harusi, akamtengenezea sinema fupi ya sofa zake. Inaonyeshwa kwenye vibanda vya video kabla ya mpira, hapa na hata Lindi. Yaani Mulwa anaingia Lindi kila Jumamosi akiwa ameketi kwenye sofa, nami siwezi hata kupita. Wateja wake husimama mlangoni pangu kuniuliza njia. Na sofa zenyewe, ukifunua kitambaa, ndani ni mbao za masanduku.

Nikamwita Njeri, malipo yakiwa nimtengenezee kabati la vifaa vyake. Nilifagia maranda yote, nikaficha zana, nikavaa koti la kanisani na kusimama wima ukutani bila kupepesa macho.

Njeri akashusha kamera. "Mzee, unangoja nini?"

"Nangoja upige."

"Hii si picha ya kitambulisho. Vua koti, ufanye kazi. Nani atanunua kitanda ati kwa sababu umesimama?"

Nikayarudisha maranda. Akapiga mikono yangu ikichonga mguu wa kitanda mpaka ukashikana na ubao bila msumari, kisha nikataja jina langu na mahali nilipo. Basi.

Juzi Mama Atieno, jirani yetu wa Lindi ambaye kitanda chake kiliungua kabla sijakimaliza, alisimama mlangoni pangu.

"Baba Mwende, kumbe uko? Tuliambiwa uliungulia ndani. Nilikuona kwa video nikalia mbele ya watu wa mpira."

Anataka kitanda kile kile, na dada yake anataka meza. Kwa hiyo sifungi.

Lakini akiondoka aliuliza, "Na yule wa sofa, ni wapi?"

Ni hapo nyuma tu, Mama Mwende. Nilimwelekeza apitie Kabiro, azunguke mtaa mzima.

Nisalimie mama yako, na kaka yangu anayekusaidia shambani. Binti yetu Mwende mwambie baba yake ameonyeshwa kwenye video, mpaka Lindi. Ya Mulwa usimtajie.

Ni mimi mumeo,
Baba Mwende