Vipimo vya Jirani wa Kitanda

6 Januari

Mwanangu kipenzi,

Hujambo huko bwenini? Mimi mzima, ila cherehani inakohoa kunishinda. Nitumie vipimo vipya nikushonee sare. Vya mwaka jana vilinipa raha, kifua kilipanda inchi mbili nzima. Yule daktari wako wa saratani alinitia hofu ya bure. Alisema ile mionzi ya kichwani inaweza kuchelewesha kubalehe, nikurudishe kliniki ukifika miaka kumi na miwili, dawa zisije zikachelewa. Leo una kumi na minne na mwili unajaa wenyewe. Nikutoe darasani kwa lipi?

Mama yako

2 Februari

Mwanangu,

Mwezi mzima kimya. Unaumwa? Nijibu hata mstari mmoja, roho iko juu juu.

Mama

9 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Siumwi, nadhani. Mama, vile vipimo si vyangu. Nilimpima jirani yangu wa kitanda, mwaka juzi na mwaka jana. Sare ulizoshona anavaa yeye. Mimi bado navaa ile ya kwanza kabisa na inanitosha.

Wenzangu wote wameshavunja ungo. Mimi kifua ni ubao, wananiita Kadogo, na kuoga naoga peke yangu alfajiri. Nilijua ugonjwa umerudi. Nikaogopa utalia tena kule kwenye korido ya wodi, ukidhani nimelala. Mbona hukuniambia habari za mionzi? Ningejua nisingedanganya. Sasa nimechelewa?

Mwanao

14 Februari

Mwanangu,

Nimepata barua yako. Moyo wangu ulivyo usiniulize leo.

Nimempigia daktari. Anasema dawa za kuuamsha mwili zipo, ila kwanza wapime damu na kichwa, wahakikishe ugonjwa haujarudi. Tumechelewa miaka miwili, na hakuniahidi kitu.

Lakini usijibebeshe lawama. Likizo ya Desemba ulikaa hapa wiki tatu, tepu inaning'inia shingoni mwangu, nawapima watoto wa watu kutwa, na wewe sikukugusa. Nikakuambia utatuma kwa barua. Fundi wa miaka ishirini asione gauni la likizo alilolishona kwa vipimo vile linavyompwaya mwanawe? Niliona, mwanangu. Niliogopa kupima.

Nakuja Alhamisi kukuchukua. Tepu nitakuja nayo mimi.

Mama