Bonyeza Mbili, Mama

Mwabungo,
Ijumaa asubuhi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai karatasi hii itakukuta umeketi, maana ni ndefu. Miwani ipo? Kama mdogo wangu Rai ameikalia tena, basi akusomee yeye, kwa adhabu, na asiruke mahali. Hujambo wewe? Nyumbani hawajambo, na majirani? Mimi huku sijambo, nala vizuri na kazi inaendelea.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ninayo. Mimi na wewe twajuana kwa simu, mama. Ningepiga, ungesema hujambo, nami ningesema sijambo, tungesalimiana mpaka salio liishe na hakuna aliyesema neno. Barua haikatizwi. Chome ndiye atakayeileta; ameteremsha mbuzi kwa wachinjaji wa Ukunda na kesho anarudi Taru.

Nilikueleza kwamba najitolea na watu wa kompyuta. Hatulipwi. Tumetengeneza programu ya kulisaidia shirika la misaada kujua ni kijiji gani kimeishiwa maji, ili lori la maji liende huko kwanza. Kila Jumatatu kompyuta humpigia mtu mmoja katika kila kijiji. Kwetu uliteuliwa wewe, kwa kuwa watu wanakuamini na simu yako haikosi chaji. Sauti unayoisikia ni yangu, ndiyo, lakini niliirekodi mara moja tu, kabla ya jua hili kuanza kuua, nimejifungia ndani ya kabati la nguo ili kelele za feni zisiingie.

Maxwell, kiongozi wetu, ambaye ni kijana wa Nairobi, alitaka simu iulize habari ya maji moja kwa moja. Nikamkatalia. Nilimwambia kwamba mtu wa kwetu haulizwi shida kabla ya kujuliwa hali, na kwamba mama yangu angemkatia simu. Wenzangu wakacheka, wakakubali. Ndiyo maana simu huanza kwa shikamoo, kisha huuliza habari za nyumbani. Zikiwa njema, unabonyeza moja, nayo hukata ili isikupotezee wakati. Kukiwa na shida, unabonyeza mbili, na hapo ndipo huuliza maji yako umbali gani na yamebaki kiasi gani. Siku ile nilijiona nina akili kweli.

Sasa hebu niambie, nani kwetu amewahi kuulizwa habari akajibu kuwa ni mbaya? Hata matangani watu huanza na njema. Wiki baada ya wiki wewe umebonyeza moja, na kwenye ramani yetu kijiji chetu ni kijani kibichi, kama bustani ya huyu jirani wa hapa ambaye hufungulia nyasi maji mchana kutwa. Malori yanatupita. Kule simu ilikoshikwa na vijana wasiojua hata kuamkia watu, ndiko maji yanakofika.

Nami niliamini, mama. Nilikiona kile kijani nikalala usingizi, mpaka juzi nilipokutana na Chome sokoni. Alisema silanga, lile bwawa letu la kuteka maji, imebaki matope, punda amekufa, na wewe unabeba mtungi mwenyewe kutoka ng'ambo ya reli na nyonga hiyo mbovu. Alisema ulimkataza asiniambie. Kisha akanisimulia, akicheka, kwamba simu ikilia unawanyamazisha watu wote kwa kuwa Mbodze anapiga. Unaitikia marahaba, unaniuliza kama nimekula, unangoja kidogo, halafu unabonyeza moja ili mtoto asiwe na wasiwasi. Sikuweza kucheka. Niliondoka nikaisahau mboga niliyokuwa nimeshailipia.

Nilimwendea Maxwell nikamsihi tubadilishe swali. Si mtu mbaya. Alinieleza kwamba maswali yalikubaliwa na shirika na hayabadilishwi mpaka mvua zinyeshe, na kwamba nikigusa kijiji chetu kwa mkono wangu, watu watasema binti anamvutia mama yake lori, na vijiji vingine navyo havitaaminiwa. Tena sote tulitia saini kwamba hatutamwambia mpokea simu yeyote abonyeze nini. Nikigusa, nimeharibu; nikinyamaza, mnakufa kiu. Tangu siku hiyo nazunguka humu ndani kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Najua utauliza kwa nini siondoki tu nikaja nyumbani. Mama, yale niliyoandika pale juu, kwamba sijambo, yafute. Hoteli ilinipunguza kazi tangu mwezi wa tano na sikukwambia. Nyumba ninayolala ni ya hawa wenzangu, na chakula ni chao. Nikivunja ahadi niliyoitia saini, natoka na begi langu. Ndiyo maana siku mbili hizi nimekaa kimya, nikila wali wao huku nimekitazama kile kijani. Naona haya. Kila uliponiuliza habari zangu, nilikubonyezea moja.

Basi naanza mimi. Mwanao ana shida, na leo amesema. Jumatatu simu ikilia, sauti itakuwa yangu, na itakupa shikamoo kwa adabu zote ulizonifunza. Usiiulize kama imekula. Haisikii. Bonyeza mbili, useme yaliyopo kama yalivyo, usipunguze hata kidogo kwa ajili yangu. Sikutumi useme uongo. Maxwell naye nimemwandikia kumweleza nililofanya. Barua hiyo Maxwell ataipata kwangu mara tu Chome akishaondoka na hii yako.

Nisalimie Rai, na akina mama wa kanisani wote, kila mtu kwa jina lake. Wakinitoa hapa nitakuja, kwa hiyo usimpe mtu kitanda changu, na huo mtungi uuweke chini nitaubeba mimi.

Na ukitaka kuzungumza na mwanao, nipigie wewe. Nitapokea, na ukiniuliza habari nitakwambia.

Ni mimi mwanao,
Mbodze